Kukloni Diski: Fikiria Kwanza Siku ya Kurejesha

Kompyuta ya steshenari, ya duka la dawa au ya mhasibu wa shule ikigoma kuwaka asubuhi, kinachouma si bei ya diski. Diski mpya utaipata mjini siku hiyohiyo. Kinachouma ni kuanza upya: kupiga Windows, kusaka draiva ya printa ya zamani, kutafuta leseni ya programu ya hesabu ambayo aliyeinunua alishahama kazi, kurudisha fonti, fomu na mitihani ya miaka minne, huku wateja wamepanga foleni mlangoni. Fundi mzuri atakurudishia kompyuta inayowaka. Kazi yako hawezi kukurudishia kama hukuihifadhi popote.

Kukloni diski kunaziba pengo hilo. Programu inaichukua diski nzima kama ilivyo, pamoja na Windows, programu zote, mipangilio na mafaili, na kuiweka mahali pengine ikiwa kamili. Wengi huchagua programu hiyo kwa kuuliza ipi ni rahisi kunakili nayo. Nakusihi uulize swali jingine: siku kompyuta imekufa kabisa, Windows haiwaki, na nina diski mpya mkononi, programu hii itanirudishaje kazini? Kunakili, karibu zote zinaweza. Kurejesha ndiko kunakoonyesha programu ipi ni ya kuaminika na ipi itakuacha mikono mitupu. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na swali hilo.

Kloni au imeji

Programu hizi hufanya kazi mbili zinazofanana, na ni vizuri uzitofautishe kabla hujatoa pesa yoyote.

Ya kwanza ni kloni yenyewe. Diski ya kwanza inanakiliwa moja kwa moja kwenda ya pili, na ya pili inakuwa pacha wake. Ya kwanza ikifa, unafungua kompyuta, unachomeka pacha, unawasha na kuendelea na kazi. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Hasara yake ni kwamba diski nzima inabeba nakala moja tu, na kila ukikloni upya, nakala ya zamani inafutika.

Ya pili ni imeji. Diski nzima inabanwa na kuhifadhiwa kama mafaili ndani ya diski ya nje. Imeji haiwaki yenyewe. Lazima kwanza irejeshwe kwenye diski. Lakini diski moja ya nje inaweza kubeba imeji kadhaa: ya Januari, ya Aprili, ya Julai. Ukigundua mwezi wa nane kwamba kompyuta iliharibiwa na kirusi tangu mwezi wa sita, unairudisha ilivyokuwa Aprili. Pacha uliyemkloni mwezi wa saba angekurudishia na kirusi chenyewe.

Kwa hiyo, ukihama kutoka diski ya zamani inayozunguka kwenda SSD, tumia kloni. Ukitaka akiba ya muda mrefu, tumia imeji. Biashara isiyoweza kusimama hata nusu siku inahitaji zote mbili: pacha kwenye droo, na imeji kwenye diski ya nje.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Mafundi waliokuwa wakihudumia kafe za intaneti watakuwa wanaikumbuka Ghost. Programu hiyo ilitengenezwa New Zealand miaka ya tisini, ikanunuliwa na Symantec mwaka 1998, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika kujaza kompyuta ishirini kwa imeji moja. Mwaka 2013 Norton Ghost iliondolewa sokoni. Aliyebaki na imeji zake alibaki na mafaili yanayohitaji programu isiyouzwa tena. Hali kama hiyo imejirudia karibuni: Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure lililopendwa sana, na mwanzoni mwa 2024 toleo hilo likafikia mwisho wake, sasa ni programu ya kulipia. Programu hufa, na imeji yako inaweza kuishi kuliko kampuni iliyoitengeneza.

Swali la kwanza, basi, ni hili: imeji yangu itafunguka bila kampuni hii? Kama jibu ni hapana, hifadhi faili la kusakinishia programu pamoja na imeji, kwenye diski hiyohiyo.

La pili: programu inawaka kutoka kwenye flashi? Windows ikiwa imekufa, programu iliyosakinishwa ndani ya Windows imekufa nayo. Lazima uweze kutengeneza flashi ya uokoaji, na uitengeneze leo, wakati kompyuta ni nzima.

La tatu: inahakiki nakala yake? Programu nzuri hurudi kuisoma imeji baada ya kuitengeneza na kukuambia kama inaweza kurejeshwa.

La nne: ya bure ni bure mpaka wapi? Ziko programu zinazokuacha uchague diski, uchague mpangilio, ubonyeze kila kitufe, kisha hatua ya mwisho zinadai malipo. Nyingine hukuruhusu kunakili bure lakini si kukloni diski yenye Windows. Soma ukurasa wa bei kabla hujapakua.

Na hapo vishawishi vya kreki huanza. Naomba nisieleweke vibaya: programu ya kukloni unaipa ruhusa ya kusoma kila kitu kilichomo kwenye kompyuta yako na kuandika juu ya diski nzima. Hakuna programu mbaya zaidi ya kuichukua kwa mtu usiyemjua aliyeivunja leseni. Na hakuna haja, kwa sababu zipo nzuri za bure kwa halali.

Zipi zinafaa

Clonezilla ndiyo ninayoitaja kwanza kwa mtu yeyote. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na imetoka katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa huko Taiwan. Inawaka kutoka kwenye flashi, haihitaji kusakinishwa, na inanakili Windows na Linux kwa usawa. Hunakili sehemu za diski zenye data tu, hivyo diski ya GB 500 yenye GB 120 za kazi haidai GB 500 za nafasi. Inajibu maswali yote manne vizuri. Udhaifu wake ni sura: skrini ya maandishi matupu, bila kipanya, yenye majina yanayotisha mtu asiyeizoea.

Kama sura hiyo inakukwaza, kuna Rescuezilla. Nayo ni ya bure na inawaka kutoka kwenye flashi, ila ina madirisha na vitufe vya kubonyeza, na inafungua imeji zilizotengenezwa na Clonezilla. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, naipendekeza.

Veeam Agent ya Windows ina toleo la bure linalofanya kazi wakati Windows iko hewani. Unaiwekea ratiba, na baada ya imeji ya kwanza inachukua mabadiliko tu. Inafaa pale ambapo hakuna atakayekumbuka kuchomeka flashi kila mwezi. Itengenezee flashi ya uokoaji siku hiyohiyo unapoisakinisha.

Usisahau kampuni zinazotengeneza diski. Samsung, Western Digital na Seagate hutoa programu zao za kukloni bila malipo kwa anayenunua bidhaa zao. Nyingi hukataa kufanya kazi kama hakuna diski ya kampuni husika kwenye kompyuta, lakini kwa kuhama mara moja tu kwenda SSD mpya ni rahisi kuliko zote.

Windows yenyewe ina chombo cha zamani cha imeji, kile kilichoandikwa Windows 7 ndani ya Control Panel. Microsoft ilitangaza mwaka 2017 kwamba haikiendelezi tena. Usijenge akiba ya ofisi juu yake.

Diski ya kupokea nakala

Hapa ndipo watu hula hasara kwa jambo dogo. Chukua laptopu yenye diski ya GB 500. Mwenyewe anaenda mjini kununua SSD, muuzaji anampa ya GB 480, na zote mbili zinaonekana sawa. Ndani ya Windows, ile ya GB 500 inasomeka kama GB 465, na ile ya 480 inasomeka GB 447. Anawasha Clonezilla, na programu inakataa: diski ya kupokea ni ndogo kuliko ya kutoa. Haijalishi kwamba data ni GB 90 tu. Zipo njia za kuipunguza pachisheni kwanza, na baadhi ya programu za ndani ya Windows hufanya hivyo zenyewe, lakini ushauri wangu ni mwepesi: nunua inayolingana au iliyo kubwa zaidi. Kwa diski ya 500, chukua ya 512 au TB 1.

Jihadhari pia na diski na flashi bandia. Flashi iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya GB 32 ni GB 32, au chini ya hapo. Chipu yake imepangwa idanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Unanakili, kila kitu kinaonekana kimeingia, na kinachozidi ukubwa halisi kinapotea kimyakimya. Imeji iliyohifadhiwa humo haitafunguka. Kabla hujaweka akiba kwenye diski mpya, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi huijaza diski yote, kisha huisoma upya na kukuambia ukweli. Jaribio linaweza kuchukua saa kadhaa, na linastahili kila dakika.

Angalia na tundu la USB. Nakala ya GB 200 kupitia USB 2.0, inayobeba takribani MB 35 kwa sekunde, inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Diski ileile kwenye USB 3.0 inaweza kumaliza kwa nusu saa hivi. Matundu ya USB 3.0 mara nyingi huwa ya bluu ndani.

Kabla hujabonyeza chochote

Kagua afya ya diski. CrystalDiskInfo ni programu ndogo ya bure inayosoma taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe. Ikikuonyesha neno Good, endelea. Ikionyesha Caution, tengeneza nakala siku hiyohiyo. Diski ikiwa inagonga kama kucha juu ya meza, au inakwama kila mara, usiikloni kwa programu ya kawaida, kwa sababu kuisukuma isome sekta mbovu tena na tena kunaweza kuimaliza. Kwa diski mgonjwa ambayo bado inasomeka kuna ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima, kisha hurudi taratibu kwenye sehemu mbovu, na huandika kumbukumbu ya ilipofikia ili uweze kuendelea baadaye. Ile inayogonga, na ina kitu usichoweza kukipoteza, izime na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Ikiwa diski ni nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha chkdsk C: /f, kubali ukaguzi ufanyike, kisha washa upya. Baada ya hapo andika powercfg /h off. Amri hii inazima ule mtindo wa Windows kulala nusu badala ya kuzimika kabisa. Usipoizima, Clonezilla itakuta diski ambayo Windows haijaiachia, nayo inaweza kukataa kuinakili.

Kisha angalia BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows. Laptopu nyingi za siku hizi huja na diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Programu inayowaka kutoka kwenye flashi haioni yaliyomo ndani ya diski kama hiyo, hivyo huinakili yote, mpaka sehemu tupu, na nakala inakuwa kubwa na ya polepole. Fungua usimbaji huo kwanza na usubiri umalizike, au tumia programu ya ndani ya Windows. Vyovyote utakavyofanya, nakili ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwenye karatasi, uuweke mbali na kompyuta. Ukiupoteza, nakala yako inaweza kuwa kamili na bado usiweze kuifungua.

Mwisho, umeme. Ukikatika wakati wa kunakili, diski ya asili kwa kawaida iko salama kwa kuwa ilikuwa inasomwa tu, utaanza upya. Ukikatika wakati wa kurejesha, diski inayoandikwa inabaki nusu na haitawaka. Tumia UPS, au laptopu yenye betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Skrini inayostahili utulivu

Ukiiwasha Clonezilla kutoka kwenye flashi, itakuuliza lugha, kibodi, kisha kama unataka device-image, yaani imeji, au device-device, yaani kloni. Kubali hali ya anayeanza. Halafu unafika kwenye orodha ya diski, na hapo simama.

Utaona mistari kama sda, sdb au nvme0n1, kila mmoja ukiwa na ukubwa na modeli ya diski. Programu inataka uchague ya kutoa, kisha ya kupokea. Ukizigeuza, diski yako tupu itaandikwa juu ya diski yenye kazi, na miaka minne inakwenda na maji bila kurudi. Usitegemee herufi; sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho kutegemea umechomeka nini. Soma modeli. Kabla ya kuanza, piga picha kwa simu lebo za diski zote mbili, uzilinganishe na skrini neno kwa neno. Kama ukubwa ni sawa na modeli zinafanana, zima, chomoa moja, washa uone ipi imebaki. Chomoa pia kila diski na flashi isiyohusika.

Clonezilla itakuuliza mara mbili kama una hakika. Maswali hayo mawili yamewekwa kwa sababu. Yasome yote kabla ya kubonyeza y. Na ukitengeneza imeji, inapouliza kama ikague imeji baada ya kumaliza, jibu ndiyo.

Jaribu, usidhani

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengeneza programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva isiyostahili. Walipokimbilia akiba zao, waligundua kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zikifeli kwa kutolingana kwa matoleo ya programu, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa hazifiki. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Data ya saa hizo sita ikapotea. Kampuni ilieleza yote hadharani, na somo lake linafaa ofisi ya mtu mmoja kama linavyofaa kampuni kubwa: akiba isiyowahi kurejeshwa ni dhana tu.

Kwa kloni, jaribio ni hili. Zima kompyuta, toa diski ya zamani, weka pacha, washa. Usiwashe zote mbili zikiwa ndani, kwa sababu zina utambulisho mmoja na Windows inaweza kuizima moja au kuwaka kutoka kwenye ile usiyoikusudia. Ikiwaka, usishangilie bado. Fungua programu ya hesabu, maana baadhi hufunga leseni kwenye namba ya diski na zitadai kuidhinishwa upya. Fungua faili la jana. Chapisha ukurasa mmoja. Hapo ndipo una pacha.

Kwa imeji, irejeshe kwenye diski ya ziada angalau mara moja kwa mwaka na ufanye jaribio lilelile. Kama huna diski ya ziada, angalau washa kutoka kwenye flashi ya uokoaji, hakikisha inaiona diski yako, na uiambie ikague imeji.

Mipaka ya kloni

Kloni ya Januari inarudisha Januari. Ankara za Februari hadi Juni hazimo. Kwa hiyo imeji ya kila mwezi au kila miezi mitatu inakwenda sambamba na bakapu ya kila siku ya folda za kazi: kwenye flashi, kwenye diski ya nje, au kwenye Google Drive na OneDrive kama bando linaruhusu. Mafaili ya maandishi na hesabu ni madogo. Hata intaneti ya simu inayaweza.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza kanuni ambayo bado ndiyo bora: nakala tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Nje ya jengo ni muhimu, kwani mwizi anayebeba kompyuta hubeba na diski iliyo juu ya meza hiyohiyo, na moto hauchagui. Tena, diski ya akiba isikae imechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta. Nakili, hakiki, chomoa.

Na kumbuka kwamba umebeba siri za watu. Imeji ya kompyuta ya zahanati au ya shule ina majina, matokeo, magonjwa na namba za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019; aliyepoteza diski yenye taarifa hizo hawezi kujitetea kwamba ilikuwa bakapu. Clonezilla inakuruhusu kuifunga imeji kwa nywila. Itumie, na nywila hiyo ijulikane na mtu zaidi ya mmoja.

Hilo la mtu zaidi ya mmoja liingie hata kwenye kurejesha. Andika hatua zote kwenye karatasi kwa Kiswahili chepesi: flashi ipi, kitufe gani cha kubonyeza wakati kompyuta inawaka, diski ipi, imeji ya tarehe gani. Kisha mpe mwenzako karatasi hiyo na diski ya ziada, ukae pembeni bila kugusa kibodi. Pale atakapokwama, rekebisha karatasi. Akimaliza na kompyuta ikawaka, ofisi yenu ina akiba ya kweli, hata siku diski itakapokufa wewe ukiwa safarini.